Namba Ndani ya Kengele

Ukiuliza klarineti hutengenezwa wapi
nitakuelekeza Katuba, nyuma ya kinu cha Mama Kapinga,
mlango wa bati uliopakwa buluu nusu.
Rangi iliisha. Baba alisema nusu inatosha
kumwonyesha mtu mlango.
Piga hodi kwa nguvu; anakereza.

Haziji nzima. Zinaletwa ndani ya gunia, ndani ya shuka ya parokia.
Moja ililetwa ndani ya suruali:
mguu mmoja kiungo cha juu, mguu wa pili kiungo cha chini.
Baba anazimwaga mezani, anazitenga,
midomo hapa, mapipa pale, kengele kule,
vifunguo katika kopo la maziwa ya unga.
Kisha anakaa. Anaziangalia kama mama anayepanga
watoto wa nyumba tatu walale kitanda kimoja.

Kizibo: cha chupa ya divai ya Padre Anakleti.
Pedi: ngozi ya glavu za golikipa aliyeacha mpira.
Springi ni sindano za kushonea, namba saba,
anazipasha moto mpaka ziwe na rangi ya shingo ya njiwa.
Mwanzi ni matete ya Kafubu, yanayokaushwa juu ya banda
mwaka mzima, nami ndiye askari wake dhidi ya mbuzi.

Lakini mti, aa, mti hatuna.
Mti ni mpingo. Aliugonga kwa ukucha, akaniambia:
huu ulikatwa huko jua linakotokea,
ukapanda meli, ukatobolewa Ulaya,
ukarudi sandukuni mwa mtu aliyekuja kutufundisha kuimba.
Umesafiri kuliko ukoo wetu wote
na bado unapasuka Juni.
Kwa sababu Juni hapa usiku unang'ata masikio,
mchana jua, na mti mgeni haujui ushike lipi.

Ufa anaushona kwa waya wa shaba.
Shaba tunayo. Shaba hatuulizi ilitoka wapi:
dirishani teriri jeusi limekaa kama mlima wa kuazima,
na ile shemine iliyomla baba miaka ishirini na sita
imesimama, haitoi hata moshi wa kuchomea mahindi.

Jana alikuja kijana wa fanfari, Mwilambwe.
Akaigeuza klarineti yake, akaigeuza tena, akitafuta maandishi.
"Mzee, hii ni ya wapi? Batu bataniuliza."
Baba akavua miwani.
Ya wapi?
Mdomo Mfaransa, pipa Mjerumani,
kiungo cha chini hakijulikani baba yake,
kengele aliikereza mwenyewe kutoka mguu wa meza ya mkurugenzi,
meza iliyouzwa siku walipouza kila kitu hadi vitasa.
Hakusema hayo. Alisema, "Puliza."

Kwanza upepo mtupu.
Kisha bata aliyekanyagwa.
Kisha sol,
sol moja, nene, ya mti na ya waya,
ikapita chini ya mlango wenye buluu nusu,
na kinu cha Mama Kapinga kikanyamaza.
Si kwa heshima. Umeme ulikatika.
Sol ikabaki peke yake Katuba nzima.

Kijana alipoondoka nilimuuliza baba
kwa nini haandiki jina lake.
Akachukua kengele nyingine, akaipindua, akaniwashia tochi ya simu.
Ndani kabisa, kidole kisikofika,
tarakimu tano ndogo, zimechomwa kwa msumari wa moto:
ile namba waliyompa siku ya kwanza kazini,
aliyoitiwa mshahara, aliyoitiwa adhabu,
aliyoitiwa mara ya mwisho dirishani, akasaini, akaenda.

"Wao hawaitumii tena," alisema.

Kisha akanituma nje.
Mbuzi walikuwa wameshafika kwenye matete.